Shoto na Gitaa Lake la Waya

Sikuomba kazi hii. Watu wa ukumbi ndio walionijia, wakakaa kwenye kochi langu, wakanywa chai yangu, halafu wakaniambia wanataka kubandika ukutani habari za kila mpiga muziki wa pale, na habari za Shoto niziandike mimi. Nikawaambia Shoto ana mdomo wake. Wakasema wameshamuuliza, akajibu, "Mwambieni dada, mimi nitajisifu." Nikawaambia shule mimi niliishia mlangoni, kuandika kwangu ni kwa kukokota. Wakasema kokota tu. Basi nakokota. Mwenye haraka akasome ukurasa wa mpiga ngoma, ni mfupi, kwa sababu mpiga ngoma hajafanya kitu.

Tena kuna hawa wanawake wanaonisimamisha njiani kuniuliza kama lile gitaa la bei nafuu la Shoto linafaa, kwa kuwa wana watoto wanaolilia gitaa. Nimechoka kujibu nikiwa na ndoo kichwani. Nitajibu humu humu.

Shoto ni mdogo wangu wa tumbo moja, anayenifuata. Jina lake la kweli lipo, lakini hata mkewe akiliita yeye hageuki. Aliitwa Shoto tangu alipoanza kushika kijiko, kwa sababu alikishika kwa mkono wa kushoto na hakuna aliyeweza kumbadilisha. Mama alijaribu. Alimtia kijiko mkono wa kulia, mtoto akakihamisha. Akamtia tena, akahamisha tena. Mwisho uji ukapoa, mama akasema huyu na ale anavyojua mwenyewe.

Mjomba wetu alikuwa na gitaa kavu, yaani lile la mbao tupu lisilojua umeme, amelitundika kwenye msumari juu ya kitanda chake. Ruhusa ya kulishika hatukuwa nayo, kwa hiyo tulilishika akiwa kazini. Nyuzi zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya mtu wa mkono wa kulia, nene juu, nyembamba chini. Kuzifungua Shoto asingethubutu, mjomba angejua. Basi akaligeuza gitaa lenyewe. Shingo ikaelekea upande wake wa kulia, nyuzi nyembamba zikawa juu, nene zikawa chini, na akajifunza hivyo hivyo, kila kitu kimesimama kwa kichwa. Mpaka leo hupiga hivyo. Wapiga gitaa wengine wakimtazama vidole hupata kizunguzungu, na wanaotaka kumwibia nyimbo hurudi kwao mikono mitupu. Mjomba alipofariki gitaa likawa la Shoto, kwani watoto wa mjomba walitaka kitanda.

Kazi ya Shoto ilikuwa kuezeka. Ukitoka kwangu kuelekea sokoni, mabati mengi unayoyaona aliyapigilia yeye. Mafundi wenzake walipenda kufanya naye kazi, kwa sababu mwenye kushoto na mwenye kulia wakikaa bega kwa bega hawagongani viwiko. Juu ya paa alitembea kama wewe unavyotembea sebuleni kwako. Miaka yote ile hakuanguka. Alianguka jikoni, kwenye kigoda, akibadilisha balbu. Goti la kulia likaharibika moja kwa moja. Daktari akamwambia asipande tena kitu chochote na asisimame muda mrefu. Balbu aliimalizia mkewe.

Mtu aliyezoea kuutazama mtaa kutoka juu akawekwa kwenye kiti uani. Alichobaki nacho ni Jumamosi, alipokwenda ukumbini na gitaa la mjomba kupiga na wenzake. Kundi lao ni la wazee, ukiacha kijana wa kinanda, na kiongozi wao ni kinyozi, yule mwenye duka la kona lenye vioo viwili, kimoja kimepasuka. Kinyozi ndiye anayeimba. Hana sauti mbaya. Nzuri pia hana.

Mambo yaliharibika ukumbi uliponunua spika mpya, nyeusi, kila moja kimo cha mtoto wa darasa la pili. Kinyozi ana gitaa la umeme, wa besi ana lake, kinanda kina waya. Maikrofoni ni moja na Kinyozi anaimbia. Shoto akabaki na gitaa kavu katikati ya kishindo kile, anapiga, mdomo ameukaza, na hakuna kinachotoka.

"Shoto, husikiki," Kinyozi alimwambia mbele ya watu.

"Nasikika."

"Nani anakusikia?"

"Dada."

Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele. Kinyozi akanigeukia. "Mama, unamsikia kweli?"

"Namsikia," nikasema. Nilikuwa naviona vidole vyake vikienda, inatosha.

Kinyozi hakubishana na mimi, ana adabu. Lakini alisema kwamba kuanzia mwezi unaofuata kila chombo kiwe na waya wake, na asiye na waya akae na wasikilizaji, viti vipo. Shoto akasema sawa. Alisema sawa ile anayoisema akiwa hataki kuongea tena, na alipofika nyumbani akalifunika gitaa la mjomba kwa shuka, kama maiti.

Wifi yangu, yaani huyo mkewe, akaja kwangu hata jua halijachomoza vizuri.

"Wifi, njoo umchukue mtu wako."

"Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Ndiyo shida yenyewe. Anakaa tu. Jana nakata vitunguu, ananiambia vipande havilingani."

"Mimi nilikukabidhi akiwa mzima. Kilichoharibikia kwako hakirudi."

"Haya, cheka. Lakini wifi, wakimtoa pale ukumbini huyu mtu amekwisha. Chakula anakigusa tu. Mimi nimeshaolewa naye akiwa juu ya paa na akiwa chini, naweza yote. Akiwa hayupo popote ndiyo siwezi."

Hapo sikucheka. Nikamwambia nitakuja.

Nilipofika, Shoto alikuwa ameshaamua. Alikuwa anauza ngazi. Ile ngazi ndefu ya kazi tangu aanguke ilikuwa imelala kwenye korido, kila mgeni akijikwaa, na wifi akiianikia taulo, lakini hakuna aliyewahi kutamka kwamba iondolewe. Akaja fundi wa mtaa wa pili kuichukua. Shoto aliipitia daraja moja moja kwa kidole gumba, akamwambia, "Hii ya tatu ina ufa, usiikanyage katikati." Akashika ncha moja yeye mwenyewe, akachechemea nayo mpaka getini. Kisha akarudi ndani, akanawa mikono muda mrefu. Wifi akaanza kufagia korido ambayo ilikuwa safi. Mimi nikasema, "Twende dukani kabla hawajafunga."

Duka lenyewe linauza pasi, feni, redio na magitaa. Magitaa yamening'inizwa juu ndani ya plastiki kama nguo za dobi. Muuzaji ni binti mwenye kucha ndefu, mpole, anayetazama simu yake hata anapokuamkia. Kiti kilikuwa kimoja. Nilipewa mimi kwa kuwa ndiye mkubwa, nikakaa. Shoto akabaki wima, ameegemea kaunta kupumzisha goti. Watu wamesema mengi baadaye kuhusu kiti kile. Mimi nasema nilikaa panaponistahili.

Yaliyokuwa ndani ya uwezo wetu yalikuwa mawili, moja jeusi linalong'aa na moja la kahawia. Yote yalikuwa ya namna hii mpya: kwa macho ni gitaa kavu, lina tumbo na tundu lake, lakini ubavuni limewekewa vitufe vya kuzungusha kama redio, na kwenye kitako lina pa kuchomeka waya. Shoto akaanza na jeusi. Akaliinua mpaka usawa wa jicho, akaiangalia shingo kwa jicho moja kutoka mwisho hadi mwisho, vile alivyokuwa akiangalia boriti kabla ya kuipandisha.

"Imepinda."

"Ndiyo mtindo, babu," binti akasema.

"Mtindo wa nini?"

"Sijui. Mimi nauza tu."

Akachukua la kahawia. Shingo ilikuwa imenyooka. Akapitisha kiganja pembeni mwa shingo kusikia kama vyuma vidogo vilivyopangwa chini ya nyuzi vinakwaruza. Baadhi vilikwaruza, akasema msasa utavimaliza. Akaniomba sarafu, akaiingiza chini ya nyuzi pale shingo inapokutana na tumbo, kuona nyuzi zimekaa juu kiasi gani. Zikiwa juu sana vidole vinaumia, zikiwa chini sana zinagonga vyuma na gitaa linanguruma. Sarafu ikapita kwa kubanwa kidogo. Akaridhika. Sarafu ilinirudia baada ya kuiomba tena.

Kisha akachungulia ukingo wa lile tundu. "Plaiwudi," akasema.

"Kwenye boksi wameandika mbao," binti akasema.

"Plaiwudi nayo ni mbao, mwanangu. Imebandikwa tu."

Akaligeuza kama alivyozoea, akaanza kupiga.

"Babu, umelishika kinyume."

"Najua."

"Yapo ya mashoto, tunaagiza."

"Hayo na nyuzi zake zimegeuzwa. Mimi nataka nyuzi zikae kama zilivyo, gitaa ndilo ligeuke."

Binti akaacha simu. Alimtazama vidole kwa muda, kisha akaangalia pembeni, kama wote wanavyofanya.

Sasa nyie mnaonisimamisha njiani, sikilizeni. Bila waya gitaa lile ni kiberiti kilichotikiswa. Nilimwambia Shoto, "Hili limekufa." La mjomba lilijaza chumba, hili halijazi hata mikono ya aliyelipakata. Lakini binti alipochomeka waya kwenye spika na Shoto akagusa uzi mnene, nilisikia miguu ya kiti changu ikitetemeka. Sauti ilikuwa safi, kila uzi unasema peke yake, ingawa nyembamba zilikuwa na ukali fulani wa bati, na Shoto akazungusha kitufe kimoja ukali ukapungua. Lina pia kijidirisha cha kukuonyesha kama uzi umekazwa sawa. Shoto hakukiangalia. Ndani lina betri ile ndogo ya mraba, na ukisahau waya umechomekwa, betri inakwisha huku umelala. Basi kama mwanao atapigia sebuleni, mnunulie la mbao nzuri lisilo na waya, hata likiwa kuukuu. Kama atapigia penye spika, hili linafaa, wala usione haya kwa bei yake. Msiniulize tena.

Shoto alinunua lile la kahawia. Njiani kurudi alichechemea haraka kuliko mimi.

Jumamosi ya kwanza alivaa shati lenye mikunjo ya pasi. Akakaa kwenye kiti chake, akachomeka, Kinyozi akauangalia ule waya akatikisa kichwa kukubali. Wimbo wa kwanza ukaanza, na kwa mara ya kwanza tangu spika zile zije nikamsikia ndugu yangu. Wifi alinifinya mkono. Kabla hajauachia, Shoto akapotea. Akarudi. Akapotea tena. Vidole vinakwenda, sauti haipo. Mara inaibuka, mara inazama. Watu wakaanza kucheka, si kwa ubaya, lakini walicheka.

Kinyozi akasimamisha wimbo. "Shoto, gitaa lako lina kwikwi."

"Ni waya," Shoto akasema.

Wakabadilisha waya. Kwikwi ikaendelea. Wakabadilisha betri, ikaendelea. Mpiga ngoma akasema, "Ndiyo vitu vya bei rahisi hivi," na mimi nikamwangalia mpaka akashughulika na vijiti vyake. Mwishowe Kinyozi akainama kumwambia Shoto kitu sikioni, na Shoto akachomoa waya, akaukunja vizuri, akaja kukaa pembeni yangu, kwa wasikilizaji. Wimbo wote wa mwisho alitazama mikono yake.

Niliambiwa baadaye alichoambiwa sikioni: kwamba atapewa Jumamosi moja tu zaidi, na baada ya hapo kijana wa kinanda ana rafiki yake mwenye gitaa zima.

Kesho yake nilikwenda kwao. Wifi alisema lirudishwe dukani. Shoto alisema duka halirudishi kitu. Mimi nilisema binti wa dukani ametuuzia bovu, na Shoto akanijibu, kwa sauti ndogo, kwamba dukani halikuwa na kwikwi. Hilo lilikuwa kweli, nililisikia mwenyewe kwa miguu ya kiti. Akalichukua, akakaa kwenye kiti cha uani, akapiga ule wimbo bila waya, huku akiupigisha mguu wa kushoto chini kama kawaida yake. Wifi alikuwa ameketi mkekani miguuni pake, anachambua mchele. Akaacha kuchambua.

"Piga tena."

"Kwa nini?"

"Piga, mume wangu."

Akapiga. Wifi akainamisha kichwa akachungulia chini ya gitaa. "Suruali yako inazungusha kitufe," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Vile vitufe mtengenezaji ameviweka ubavu wa juu, mbele ya macho ya mtu wa kulia. Shoto akiligeuza gitaa, vitufe vinakwenda chini, vinalala kwenye paja. Mguu ukipiga mdundo, paja linapanda na kushuka, na kitufe cha sauti kinazunguka nalo. Dukani alisimama, paja halikugusa kitu. Ndipo wifi akaniangalia, akasema, "Na kiti alikalia nani?"

"Alikalia mwenye umri wake," nikamjibu. "Endelea na mchele."

Tukajaribu dawa zote. Kupiga bila kupigisha mguu, akashindwa. Mguu ukinyamaza na vidole vinanyamaza. Kupiga amesimama, goti likamtupa kwenye ukuta kabla wimbo haujafika katikati. Kuweka mto juu ya paja, gitaa likateleza. Wifi akasema apige bila suruali, na mimi nikasema mbele yangu hapana. Mwisho Shoto akaingia ndani, akatoka na utepe mnene wa fundi, ule aliokuwa akizibia mifereji ya mvua. Akasema atakifunga kitufe kabisa, kisizunguke.

"Kifungwe kikiwa wapi?" wifi akauliza.

Hilo lilikuwa swali la maana, kwa sababu pale nyumbani hatuna spika ya kujaribia. Kikifungwa chini, hatasikika na kesi imekwisha. Wifi akasema katikati, ndiyo heshima. Shoto akakizungusha mbele na nyuma, hajui. Kisha akaniangalia mimi, kama alivyokuwa akiniangalia tulipokuwa tunasikia hatua za mjomba mlangoni.

"Dada?"

"Mpaka mwisho," nikasema.

Akakipeleka mpaka mwisho, akazungushia utepe, akakata kwa meno.

Jumamosi ya pili Kinyozi alimwekea kiti nyuma, jirani na spika. Shoto alipochomeka, gitaa likatoa mlio mrefu kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama, hata mikono hajaweka. Watu wakaziba masikio. Wa kinanda akasema gitaa lenye tumbo likikaa karibu na spika hujisikia lenyewe likapandwa na kichaa, lisogezwe. Shoto akasogeza kiti hatua moja, likalia. Akasogeza tena, likapunguza. Akaendelea kusogea hivyo mpaka likanyamaza, na liliponyamaza yeye alikuwa mbele ya kila mtu, mbele ya Kinyozi na maikrofoni yake, amekaribia kugusa magoti yangu.

Wakaanza. Sitaandika jinsi alivyopiga, mtasema ni ndugu yangu. Nitasema tu kwamba mguu ulipiga mdundo wimbo mzima na sauti haikwenda popote. Zile nyuzi nene za chini, ambazo wengine huzigusa kwa heshima, yeye huzikwanyua kutoka juu kwenda chini, na madirisha ya ukumbi yalizijibu. Wifi alilia kidogo akasema ni vumbi. Ukumbi ule haukuwa na vumbi.

Baada ya wimbo wa pili Kinyozi akamgusa begani. "Shoto, umepona. Sasa punguza kidogo, nami nisikike."

"Haipungui," Shoto akasema. "Imefungwa."

"Nani kaifunga?"

Shoto akanielekezea kwa kidevu. Kinyozi akanitazama. Nikamtazama. Akarudi kwenye maikrofoni, akaimba kwa nguvu kuliko nilivyowahi kumsikia, na kwa kweli ilimfaa.

Basi huyo ndiye Shoto, na hapo ndipo anapokaa kila Jumamosi, mbele kabisa. Wifi anasema anakula, na vitunguu hamwelekezi tena. Lakini kazi haijaisha. Kinyozi amesema Jumamosi hii atapita kiti kwa kiti kuwauliza wasikilizaji kama gitaa lile limezidi, na wakisema limezidi, utepe utatolewa na Shoto arudi nyuma. Wewe uliyesimama hapa ukutani unasoma, umesoma bure, kalamu yangu imeisha wino kwa ajili yako. Kwa hiyo njoo Jumamosi, kaa, na Kinyozi akifika kwako na swali lake, mwambie hapana, halijazidi. Hata kama masikio yanauma. Nitakuwa kiti cha mbele na nitasikia ulivyojibu.